Waisraeli wa kale walimshitaki Mungu wao, na Maandiko yao hayakufuta hata neno

#1 Mzeituni

Wadau, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa auweke pembeni ausome jioni.

Mwaka jana tulimzika mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka minne. Siku ya pili ya matanga, wanawake wamekaa mkekani, dada akasema kwa sauti ambayo hata sisi wa nje tuliisikia: "Mungu, ulinipa wa nini kama ulikuwa unamtaka?" Mzee mmoja wa kanisa akamkata kauli pale pale. Akamwambia asikufuru, kazi ya Mungu haina makosa, Ayubu alifiwa na watoto kumi na bado akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dada akanyamaza. Hadi leo amenyamaza, na si kwa watu tu. Haombi tena.

Simlaumu mzee yule, alisema tunachosema sote msibani. Lakini toka siku ile nimekuwa nikisoma Agano la Kale nikitafuta kitu kimoja: wana wa Israeli wenyewe, walipoumia, walizungumza na Mungu wao namna gani?

Nianze na huyo huyo Ayubu. Maneno yale yako sura ya 1, mstari wa 21. Kitabu kina sura 42. Sura ya 3 anafungua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa. Sura ya 9 anasikitika kwamba hakuna mwamuzi wa kusimama katikati yake na Mungu, awawekee mkono wote wawili. Sura ya 13 anasema hataki tena kubishana na wanadamu, anataka kuhojiana na Mwenyezi mwenyewe. Sura ya 31 anafunga utetezi wake kama mtu aliye mahakamani: sahihi yangu hii hapa, Mwenyezi na anijibu. Na muda wote huo Elifazi, Bildadi na Sofari wanamwambia yale yale aliyoambiwa dada yangu, kwamba Mungu hakosei, nyamaza, tubu.

Sasa fungueni 42:7. Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa habari zake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Waliojifanya mawakili wa Mungu ndio wanaoagizwa kutoa ng'ombe saba na kondoo waume saba, na yule mlalamikaji ndiye anayewaombea.

Msibani tunasoma sura ya 1 na kufunga kitabu. Naomba tuzungumze.

#2 Kibatari

Mkuu Mzeituni, pole sana kwa msiba, na mfikishie dada yako pole zangu. Nina mawili. Kwanza, Ayubu ni mtu wa nchi ya Usi, si Mwisraeli, kwa hiyo huwezi kumtumia kama ushahidi wa uhusiano wa Israeli na Mungu. Pili, umeruka 42:6. Ayubu mwenyewe anatubu katika mavumbi na majivu. Kama alikuwa sahihi, alitubu nini?

#3 Mzeituni

Ahsante Kibatari, umegusa penyewe.

Ni kweli Ayubu ni mtu wa Usi. Lakini waliomsimulia kwa Kiebrania, wakanakili kilio chake kizazi hadi kizazi na kukiweka katika Maandiko yao matakatifu, ni Israeli. Watu hawatunzi hivyo kitu wanachokiona kuwa ni kufuru.

Kuhusu 42:6, Kiebrania cha mstari ule ni kigumu na wafasiri hawajaafikiana: wako wanaosema anajichukia na kutubu, wako wanaosema anayaondoa mashitaka yake, wako wanaosoma kwamba anafarijika akiwa bado mavumbini. Mimi nakubali kwamba anainama. Mungu amemhoji kutoka katika upepo wa kisulisuli sura nne nzima, kuanzia 38 hadi 41, nani asingeinama? Ila mstari wa 7 unakuja baada ya wa 6, na hukumu ya Mungu ndiyo inayofunga kesi.

Tumwache sasa, twende kwa Israeli wenyewe, tuanze na jina. Mwanzo 32, Yakobo yuko peke yake usiku kwenye kivuko cha Yaboki, na mtu asiyemjua anashindana naye mieleka mpaka alfajiri. Anateguliwa nyonga na bado hamwachi: "Sikuachi, usiponibariki." Pale ndipo anapoitwa Israeli, kwa maana ameshindana na Mungu na watu, naye ameshinda. Kulipokucha anavuka Penueli akichechemea. Taifa zima limebeba jina la mtu huyo.

Kabla yake, babu yake Ibrahimu alipoambiwa habari za Sodoma alisogea karibu, akaanza kupunguza idadi kama mtu anayepatana bei: wenye haki 50, je wakipungua wakawa 45, 40, 30, 20, hata akafika 10. Na mwanzoni mwa mapatano hayo akatamka sentensi ambayo sijui ni nani kwetu angethubutu kuitamka kanisani: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Mungu hakumkemea. Alimjibu mara zote sita.

Na Musa, Kutoka 32, siku ya ndama wa dhahabu. Sikilizeni viwakilishi tu. Mungu anamwambia Musa shuka, kwa maana watu *wako* uliowatoa Misri wamejiharibu. Musa anajibu: Bwana, kwa nini hasira yako iwake juu ya watu *wako* uliowatoa Misri? Kama wazazi wawili wanaotupiana mtoto aliyekosa, kila mmoja akisema ni wako. Kisha Musa anaongeza mambo mawili mazito, kwamba Wamisri watasemaje, na kwamba ukumbuke ulivyowaapia Ibrahimu, Isaka na Israeli kwa nafsi yako. Baadaye kidogo anajiweka rehani mwenyewe: kama hutawasamehe, unifute katika kitabu chako.

Ukumbuke ulivyoapa. Hapo ndipo palipo na mzizi wa jambo lote. Walikuwa na haki ya kumdai kwa sababu alikuwa amejifunga.

#4 Mama Wawili

Mzeituni kaka yangu, nimesoma habari za dada yako nikakumbuka Hana, mama yake Samweli. Soma 1 Samweli sura ya 1. Mwanamke hana mtoto, mke mwenza anamchokoza mwaka hata mwaka, anakwenda Shilo, analia mbele za Bwana midomo ikicheza bila sauti. Kuhani Eli amekaa pale kwenye mwimo wa mlango, anamwona, anadhani amelewa. Anamwambia auache ulevi wake! Naye anajibu kwa heshima zote: hapana bwana wangu, sikunywa divai, nimeimimina roho yangu mbele za Bwana. Usinidhanie kuwa ni mwanamke asiyefaa kitu.

Kuhani hakumwelewa. Mungu alimwelewa. Mwambie dada yako hayuko peke yake, na aliyemkatiza naye hayuko peke yake.

#5 Mzeituni

Mama Wawili, Mungu akubariki. Hana nimemsoma mara nyingi na sikuwahi kumweka Eli na yule mzee wetu upande mmoja. Nitampelekea dada maneno yako kama yalivyo.

Niendelee na agano, maana bila hilo mengine yote yanaelea hewani.

Kwa Kiebrania agano ni *berit*, na halifungwi, linakatwa. Neno ni lile lile la kawaida la kukata. Mwanzo 15 inaonyesha kwa nini. Ibrahimu, wakati huo bado Abramu, anauliza: nitajuaje ya kuwa nitairithi nchi hii? Anaambiwa alete ndama jike, mbuzi jike na kondoo mume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Anawapasua wale wanyama vipande viwili na kuvielekezanisha, ila ndege hawapasui. Tai wanashuka juu ya mizoga, anawafukuza. Jua likichwa usingizi mzito unamshika, na gizani tanuri ya moshi na mwenge unaowaka vinapita kati ya vile vipande.

Maana ya kupita kati ya vipande tunaipata kwa Yeremia 34. Wakuu wa Yuda waliwaachilia watumwa wao Waebrania kwa agano, wakapita kati ya pande za ndama, halafu wakageuka na kuwatumikisha tena. Mungu akawaambia mizoga yao itakuwa chakula cha ndege na wanyama wa nchi. Anayepita anasema kwa miguu yake: nikivunja, niwe kama mnyama huyu. Wazee wetu waliochanjiana damu wangelielewa jambo hili bila mwalimu.

Sasa rudini Mwanzo 15 muangalie nani alipita. Abramu amelala. Moshi na moto ndivyo vilivyopita, na katika Maandiko hayo moshi na moto ni alama ya Mungu mwenyewe, kama pale Sinai. Mkubwa ndiye aliyejiwekea laana na mdogo hakutakiwa hata kunyanyua mguu. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Pale Sinai mambo yakawa ya pande mbili. Kutoka 24, nusu ya damu inanyunyizwa madhabahuni na nusu kwa watu, nao wanasema yote aliyonena Bwana tutayatenda. Wazee 70 wanapanda mlimani, wanamwona Mungu wa Israeli, wanakula na kunywa. Wataalamu wameyalinganisha maagano haya na mikataba ya wafalme wa Wahiti na wa Ashuru waliowafunga watawala wadogo chini yao. Mkataba wa Esarhadoni wa Ashuru wa mwaka 672 KK una laana za ardhi kuwa chuma na mbingu kuwa shaba isiyonyesha mvua, na ukisoma Kumbukumbu la Torati 28:23 unakutana na shaba na chuma hizo hizo. Hata neno kupenda limo: walio chini ya Ashuru waliapishwa wampende mrithi wa ufalme kama nafsi zao. Kwa hiyo "Nawe mpende Bwana, Mungu wako" ya Kumbukumbu 6 ilikuwa, pamoja na mapenzi ya moyo, ni kiapo cha utii.

Na huko kwenye ulimwengu wa mikataba, mdogo aliyeonewa alikuwa na haki ya kuandika barua. Mwaka 1887 kule Amarna, Misri, ziliibuka barua za udongo za karne ya 14 KK. Mmoja wa waandishi ni Rib-Hadda, mtawala wa Gubla, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo. Zake zinapata 60. Karibu zote zinalia kitu kimoja kwa Farao: mimi ni mtumishi wako mwaminifu, adui wananizingira, mbona unanyamaza? Ukitoka hapo ukafungua Zaburi ya 44 unaisikia sauti ile ile. Hatukukusahau, hatukulihalifu agano lako, na bado umetuponda. "Amka, Bwana, mbona umelala?"

Zaburi 150 zile, karibu theluthi moja ni za kilio cha namna hii. Nyingi zinageuka mwishoni zikawa sifa. Ya 88 haigeuki. Inaisha gizani, na giza ndilo neno lake la mwisho.

#6 Nyundo

Nimekusoma kwa utulivu mwanzo hadi mwisho, na bado nakataa. Kama kulalamika kulikuwa ni haki ya agano, mbona walipolalamika jangwani waliuawa? Hesabu 11, moto na tauni. Hesabu 14, kizazi kizima kikahukumiwa kufia jangwani miaka 40. Hesabu 16, ardhi ikawameza Kora na wenzake. Hesabu 21, nyoka za moto. Unamfundisha dada yako aingie kwenye hatari. Tena umekaa kimya kuhusu mataifa ya Kanaani yaliyoamriwa kuangamizwa. Huyo Mungu wa kujadiliana naye hao hawakumwona.

#7 Mzeituni

Ndugu Nyundo, hoja yako ya kwanza ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na nakushukuru kwa kuileta wazi.

Umetaja Hesabu 11, basi tukae hapo hapo, maana sura hiyo moja ina walalamikaji wawili. Watu wanalilia nyama, wanakumbuka samaki wa Misri waliokula bure, na matango na matikiti na vitunguu saumu. Wanapigwa kwa pigo kuu, na mahali pale pakaitwa Kibroth-hataava, makaburi ya matamanio. Lakini katikati ya habari hiyo hiyo, mstari wa 11 hadi wa 15, Musa anasema maneno makali kuliko yao wote. Kwa nini umenitenda uovu mimi mtumishi wako? Je, ni mimi niliyechukua mimba ya watu hawa wote? Ni mimi niliyewazaa? Kama utanitenda hivi, niue sasa hivi. Na Mungu anafanya nini? Anamwambia amkusanyie wazee 70, atatwaa sehemu ya roho iliyo juu yake na kuiweka juu yao, wamsaidie kubeba mzigo. Musa amelalamika kuliko wote na amepewa wasaidizi.

Tofauti naiona katika uelekeo. Musa amemgeukia Mungu usoni. Wale walikuwa wakilia kila mtu mlangoni pa hema yake, wakimsema, na Hesabu 14:4 inasema walichokitaka: tumweke mtu mmoja awe kiongozi, turudi Misri. Hiyo si kesi tena ndani ya agano, ni kutoka nje ya agano na kumrudia mwenye minyororo. Kwa Kiswahili tunaita kunung'unika, na Kiswahili kimefanya vizuri kuwa na neno la pekee.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa Torati wameliona zamani. Kabla ya Sinai walinung'unika pia: mahali paitwapo Mara kwa maji machungu, jangwa la Sini kwa chakula, Refidimu kwa maji. Mara zote tatu hawakupigwa, walipewa. Mapigo yanaanza baada ya Sinai. Ni baada ya kusema tutayatenda ndipo maneno yao yakawa na uzito wa mtu aliyeapa.

Kuhusu Kanaani sitakuzunguka. Kumbukumbu 7 na Yoshua 6 zipo, na sina maneno ya kuzilainisha. Naweza kukuambia kwamba jambo hilo, *herem*, halikuwa la Israeli peke yao. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karne ya 9 KK, linajigamba kwamba aliutwaa mji wa Nebo kutoka kwa Israeli, akaua watu 7,000 na kuwaweka wakfu kwa mungu wake. Jiwe hilo hilo linasema Omri, mfalme wa Israeli, aliionea Moabu kwa sababu Kemoshi, mungu wa Moabu, aliikasirikia nchi yake. Kwa hiyo mungu anayekasirikia watu wake na kuwatia mikononi mwa adui, majirani nao walikuwa naye. Hilo linaeleza zama zile, halinipi usingizi. Ibrahimu aliyeuliza kama Mhukumu wa ulimwengu atawaua wenye haki pamoja na waovu, naamini swali lake linaruhusiwa hata hapo.

#8 Ustadh wa Kisiwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Muislamu, nimepita nikavutika. Kwetu Wana wa Israili wametajwa mno katika Qur'ani, na Nabii Musa ndiye nabii aliyetajwa kwa jina mara nyingi kuliko wote. Kuhojiana na Mwenyezi Mungu kwa namna anayoieleza ndugu Mzeituni kwetu kuna mipaka yake, adabu inatangulia. Lakini kulia si dhambi. Nabii Yaakub, ambaye ndiye huyo Israili mwenyewe, alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walipomlaumu alisema, katika Sura Yusuf, kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake na majonzi yake. Anamshitakia Mungu, hamshitaki Mungu. Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo, na nadhani si padogo. Mungu amjaalie dada subira.

#9 Mzeituni

Waalaykum salaam Ustadh. Kumshitakia na kumshitaki, umeigawa vizuri na nitaibeba. Kwa haki, hata katika Zaburi nyingi ni kumshitakia: adui, ugonjwa, marafiki waliogeuka. Lakini ziko kama ile ya 44 na ya 88 ambapo Mungu ndiye mshitakiwa, sina namna ya kuzisoma vingine. Tofauti hiyo tuiache ikae kati yetu kwa heshima.

#10 Kibatari

Mkuu, unaongelea upande mmoja. Waisraeli walikuwa na mashitaka, sawa. Na Mungu je? Nilifundishwa kwamba manabii ndio walikuwa waendesha mashitaka wake.

#11 Mzeituni

Ulifundishwa vyema. Kwa Kiebrania kesi ni *riv*, na Mika 6 inaanza kama baraza: milima imeitwa kusikiliza. Nilitegemea Mungu afungue kwa orodha ya makosa. Anafungua kwa swali: "Enyi watu wangu, nimekutenda nini? Nami nimekuchosha kwa habari gani?" Anawaomba washuhudie dhidi yake. Hata akiwa mshitaki anaanza kwa kuwapa nafasi ya kumshitaki.

Na mashitaka yake yanahusu nini? Sanamu, ndiyo. Na hapo lazima tuseme ukweli, Israeli ya kawaida haikuwa ile ya mahubiri. Kule Kuntillet Ajrud, jangwani Sinai, yamepatikana maandishi ya karne ya 8 KK yanayotoa baraka kwa jina la Yahweh (jina la Mungu wa Israeli) wa Samaria na Ashera wake, jina la mungu mke wa Kanaani. Nabii Hosea hakuwa akipigana na kivuli. Anasema siku itakuja Israeli atamwita Mungu Ishi, mume wangu, na hatamwita tena Baali, maana baali, jina la mungu wa Kanaani, lilikuwa pia neno la kawaida la bwana mwenye mke, na majina yalikuwa yamechanganyika midomoni mwao.

Ila fungueni Amosi muone uzito uko wapi. Wanauza maskini kwa jozi ya viatu. Wanapunguza efa na kuongeza shekeli, yaani kipimo kidogo na jiwe la mizani kubwa, mchezo ambao kila anayekwenda sokoni anaujua. Wanajinyosha kando ya kila madhabahu juu ya nguo walizozitwaa rehani.

Nguo hizo zina hadithi. Kutoka 22 inaagiza ukichukua vazi la jirani yako rehani umrudishie kabla jua halijachwa, maana ndiyo nguo yake ya pekee ya kujifunika, atalala na nini? Mwaka 1960, pwani ya Israeli kusini ya Yavne, kilichimbuliwa kigae chenye maandishi ya wino ya karne ya 7 KK. Ni malalamiko ya mvunaji wa shamba kwa mkuu wa eneo. Anasema alimaliza kuvuna na kupima kama kawaida, akaja mtu akamnyang'anya vazi lake. Ndugu zake waliovuna naye juani watamshuhudia. Anaomba arudishiwe vazi. Jina lake halijasalia. Huyo ndiye Israeli niliyekuwa nikimtafuta, mtu wa jua kali anayemtaka mkubwa amsikilize. Na Torati ile ile inasema mtu kama huyo akimlilia Mungu, "nitasikia, kwa kuwa mimi ni mwenye rehema".

Amosi 3:2 inayaweka yote pamoja: ni ninyi tu niliowajua katika jamaa zote za dunia, kwa hiyo nitawapatiliza maovu yenu. Kwa *hiyo*. Kuchaguliwa hakukuwa kinga. Na asije mtu akajivuna, Amosi 9:7 inawaambia kwamba kwa Mungu wao ni kama Wakushi, watu wa kusini mwa Misri, na kwamba aliyewatoa wao Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri.

Baada ya mashitaka yote hayo hukumu ilikuja. Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, ilianguka mwaka 722 KK mikononi mwa Ashuru. Lakini Hosea alikuwa amekwisha kutuonyesha hakimu anavyoshindwa kusoma hukumu yake mwenyewe. Sura ya 11: nilimfundisha Efraimu (yaani Israeli ya kaskazini) kutembea, nikawabeba mikononi mwangu. Kisha: "Nikuacheje, Efraimu?" Moyo wake unageuka ndani yake. Sababu anayoitoa ya kutoangamiza ni moja, kwamba yeye ni Mungu wala si mwanadamu.

#12 Nyundo

Hesabu 11 nimeisoma upya usiku huu, Musa na watu wale. Sikuwahi kuwaona pamoja. Sijakubali yote, hasa Kanaani. Lakini niulize: Yerusalemu ilipochomwa, hekalu likaisha, agano lilibaki wapi? Mtu anamshitaki nani kama nyumba yenyewe imeteketea?

#13 Mzeituni

Swali lako ndilo lililowafika mwaka 586 KK. Mfalme wa ukoo wa Daudi ametobolewa macho na kufungwa minyororo, watu wamepelekwa Babeli, na Zaburi ya 89 inamwambia Mungu usoni: uliapa kwa Daudi, na sasa umelivunja agano la mtumishi wako.

Majibu yalikuwa mawili, kwa jinsi ninavyoona. Moja ni la Ezekieli, kuhani aliyechukuliwa na kundi la kwanza mwaka 597. Akiwa kando ya mto Kebari, nchi ya kigeni, anaona kiti cha enzi cha Mungu, na kiti kina magurudumu. Baadaye anaona utukufu ukiliacha hekalu na kusimama juu ya mlima ulio mashariki ya mji. Mungu ametoka nyumbani kwake kabla nyumba haijaungua, na magurudumu yanaelekea waliko watu wake.

La pili ni Maombolezo. Sura tano. Nne za kwanza zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kuanzia alefu ya kwanza hadi tav ya mwisho, kama mtu aliyeshikwa na kilio akajishika kwenye alfabeti asianguke. Ya tano ina mistari 22 lakini herufi zimeachwa, mpangilio umemshinda. Katika kitabu kizima Mungu hasemi neno. Mstari wa 21 wa sura ya mwisho wanamwomba awageuze kwake, azifanye upya siku zao kama za kale. Wa 22, wa mwisho kabisa, unasema huenda umetukataa kabisa na kutukasirikia mno. Kitabu kinaishia hapo.

Wayahudi wanakisoma hadi leo kila mwaka tarehe 9 ya mwezi Avu wa kalenda yao, siku ya kukumbuka kuangamizwa kwa hekalu, wakiwa wamefunga, wamekaa chini sakafuni kama sisi tunavyokaa mkekani. Wakifika mstari wa 22 wanarudi kuusoma wa 21 tena kwa sauti, ili wasinyanyuke na ule wa mwisho masikioni.

#14 Mama Wawili

Kaka, dada yako amesoma ujumbe wangu?

#15 Mzeituni

Amesoma, Mama Wawili. Alikaa kimya siku mbili. Jana usiku akanipigia, akaniomba nimsomee kitu chochote kwa simu, nisichague cha kumfariji. Nikamsomea Maombolezo sura ya 5 yote. Nilipomaliza akauliza, "Na Mungu akajibu nini?" Nikamwambia kitabu hakisemi. Simu ikawa kimya hadi nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Soma tena ule wa 21." Nikausoma. Akaurudia nyuma yangu, polepole, neno kwa neno.